Prof na Nane Iliyolala

Siku ya kumzika Prof, watu watano walisimama uani kwake mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akasema kwamba yeye ndiye aliyekuwa karibu naye kuliko wote. Mkuu wa shule alisema. Daktari mmoja aliyesoma kwake alisema huku analia. Jirani, na shemeji yake, nao walisema. Kinyozi wa mtaa wa Mabanga, ambaye hakukaa hata siku moja katika darasa lake, alishika kipaza sauti na kukataa kukiachia. Mimi niliyefundisha naye hesabu miaka kumi na mmoja, darasa lake na langu yakitenganishwa na ukuta wa mbao, nilibaki kwenye kiti changu cha plastiki nikiwaonea wivu wote watano. Nilikuwa na sababu ya kutosimama, nami nitaieleza. Lakini wivu huo nausema mapema, ili msomaji asinidhanie mema.

Kwetu Goma kila mwalimu wa kiume wa sekondari ni prof wa kitu fulani: prof wa kemia, prof wa Kifaransa, prof wa mazoezi ya viungo. Yeye alikuwa Prof tu. Mimi niliitwa Madame, na kulikuwa na akina Madame watatu, kwa hiyo wanafunzi walilazimika kuongeza: Madame wa hesabu, yule mfupi.

Alikuwa na tabia moja iliyojulikana shule nzima. Mkimpa kumi agawanye kwa tatu, aliandika tatu, mkato, tatu, tatu, halafu akachora mstari wima mrefu, akaukaza kwa chaki hadi ubao ukalia. "Hapa tunajenga," alisema. Wanafunzi waliuita ukuta wa Prof. Sisi wengine tunaweka vidoti vitatu, maana yake na kuendelea. Yeye sikumwona hata siku moja akiandika vile vidoti. Mwanafunzi akiviweka, Prof alivifuta kwa kidole gumba, kimoja kimoja, kama mtu anayeua viroboto.

"Jenga kizuizi, mutoto," alimwambia. "Ukiacha mulango wazi, zitaingia zote."

Walicheka, wakajenga. Hadi leo wako watu wazima mjini hapa, wenye maduka na wenye ofisi, ambao hawawezi kuandika hesabu ya mkato bila kuweka ukuta mwishoni. Mimi nimefundisha miaka yote hiyo na sina hata alama moja inayoitwa kwa jina langu.

Vitu vyote alivyovipenda vilikuwa na kingo. Mpira aliupenda kwa sababu una dakika tisini, na zile za nyongeza refa anazionyesha kwa namba. Kahawa aliinywa hadi machicha, kisha akakifunika kikombe kifudifudi. Alilipenda ziwa, lakini akifika ufukweni aligeuza kiti, akaketi akitazama mji, mgongo kwa maji. Nilidhani ni maringo. Mtu gani anakwenda ziwani kutazama mabati?

Tena alikuwa jasiri, na hilo lilinichanganya. Siku masasi ya bunduki yalipopita juu ya paa la shule, mimi nilikuwa chini ya meza nikimwita mama yangu aliyeko Kibumba. Prof alipita darasa hadi darasa akiwahesabu wanafunzi hadi wa mwisho, kisha akaja kutuhesabu walimu. Alinikuta pale chini. "Madame, wewe ni wa kumi na tisa," alisema, akaendelea na safari yake. Na lava ya volkano iliposhuka mara ya mwisho, watu wote wakikimbilia mji wa Sake na magodoro kichwani, yeye alibaki kusukuma chukudu, zile baiskeli za mbao, zilizobeba vikongwe. Ilipopoa, aliwapeleka wanafunzi wake kaskazini ya mji, mahali ile lava iliposimama, akaweka mguu juu ya ncha yake.

"Mulikuwa munazani haitasimama," aliwaambia. "Muone. Hata yeye alichoka."

Alichukua mawe ya hapo hapo akajengea uzio wa kiwanja chake Mabanga.

Basi mtu huyu asiyeogopa masasi wala mlima aliogopa kioo. Kwa kinyozi wake kulikuwa na vioo viwili vinavyotazamana, na ukikaa katikati unajiona, nyuma yako unajiona unajiona, na kuendelea hadi ukawa mdogo kama punje. Prof alikataa kuketi mpaka kioo cha nyuma kifunikwe taulo. Kinyozi aliamini ni aibu ya upara.

"Muzee, upara si zambi," alimwambia kila mara.

"Funika tu, mutoto yangu," alijibu Prof.

Kinyozi aliisimulia habari hiyo kwenye mazishi na watu wakacheka kwa machozi. Nilikaa pale nikiwa mtu pekee aliyejua maana ya lile taulo, na bado nilimwonea wivu kwa sababu yeye ndiye aliyelishika.

Kila mwaka, darasa la sita, la mwisho la sekondari, wakifika kwenye sura ya limiti, Prof aligonga mara tatu kwenye ukuta wa mbao kati yetu. "Madame, uko na saa moja?" Nami nilikwenda na chaki yangu. Alinikabidhi ubao, akatoka, akaketi uani mgongo kwa dirisha mpaka kengele. Limiti ndiyo sura ambayo mwanafunzi anakutana na infini, ile isiyo na mwisho, ambayo tunaiandika kama nane iliyolala. Niliwafundisha vizuri. Nasema vizuri kwa sababu hakuna mwingine atakayesema hivyo. Nilipomaliza, siku zote alikuwepo mmoja wa kuniuliza: "Madame, Prof naye angetueleza vile vile?"

Nilidhani ananitupia mfupa. Anakula nyama yote ya mwaka, sifa na mapenzi, kisha ile sura ngumu anamwita yule mfupi. Alasiri moja mvua ya mawe ilitufungia wawili katika chumba cha walimu, na nikamuuliza kwa ubaya wangu wote ni kwa nini.

"Prof, juu ya nini ile sura unaniachiaka mimi? Ni juu ni ngumu, ao ni juu haina maana?"

Alisogeza kiti karibu ili mvua isimfunike sauti.

"Ni juu minaiogopa," alisema.

Akanieleza. Alikuwa mtoto wa kuchunga, milimani Masisi. Mwalimu wa dini alikuwa amewaambia kwamba wema wataishi milele, naye akafurahi, akajilaza kwenye nyasi kesho yake apange atakachofanya huko. Atamsalimia bibi yake. Kisha? Atakunywa maziwa. Kisha? Ataimba, atapumzika, atawasalimia wote waliokufa tangu mwanzo wa dunia, mmoja mmoja, bila haraka. Kisha? Atawasalimia tena. Kisha? Hapo moyo ulimwenda mbio, mikono ikawa baridi, akakimbia akamshika ng'ombe shingoni, akamshikilia mpaka jioni.

"Juu ya nini ng'ombe?" niliuliza.

"Juu iko na kichwa na mukia."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Naye alicheka. Nikamwambia: "Basi Prof, uko unaogopa kufa."

"Hapana. Kufa ni ukuta. Minaogopa ile yenye iko nyuma ya ukuta, juu haina ukuta ingine."

"Na kama nyuma hakuna kitu?"

"Basi ile 'hakuna' nayo haiishe. Ni mubaya zaidi."

"Lakini wanasema ni ya raha."

"Hasa ya raha, Madame. Ya mateso mutu anaweza kuomba iishe."

Alitazama mikono yake. Alisema anajua kwamba hofu hiyo haina mantiki, yeye ni mwalimu wa hesabu, anajua ile ni alama tu, na mtu hakutani na milele yote kwa siku moja. Amejiambia hivyo tangu ujana. Lakini akitaka kuichora, mkono unajua kitu ambacho kichwa hakijui. Ndiyo maana anajenga kuta, na ndiyo maana kanisani na matangani, kwaya ikikaribia "milele na milele", yeye hutoka akasimama langoni mpaka iishe.

Ningepaswa kumhurumia. Nilimwonea wivu. Mimi naogopa nyoka na mkaguzi wa shule. Jumapili iliyofuata nilijilaza mchana nikajaribu kuogopa kama yeye: milele, nikasema, kisha, kisha, kisha. Nikakumbuka makaa yamekwisha. Kisha nikasinzia. Niliamka nimekasirika, kama mtu aliyenyimwa hata ugonjwa.

Wala sikuona kwamba nimepewa siri. Nilidhani wote wameshaambiwa: mkuu wa shule, jirani, kinyozi, hasa yule kijana aliyekuwa akisomea udaktari. Mtu anayependwa kiasi kile anakosaje wa kumwambia? Nilijiweka wa mwisho kwenye foleni, na anachopewa wa mwisho kwenye foleni mtu hakitunzi.

Mwaka huo matokeo ya mtihani wa serikali yalitoka, ule wa kumaliza sekondari. Msomaji wa kwetu anajua kinachofuata. Waliofaulu wanamwagiwa poda, nyeupe kichwa hadi miguu, wanazunguka mtaani wakiimba, na wanayempenda anamwagiwa naye. Darasa letu walifaulu wote. Waliingia uani mwa shule wamejaa poda, wakimwita Prof, wakambeba mabegani, wakammwagia kopo zima hadi akapiga chafya. Kijana mmoja akapaza sauti kwamba swali lililowaokoa lilikuwa la limiti. La limiti! Nilisimama mlangoni na gauni langu la bluu, nikingoja. Wakatoka na Prof wao barabarani. Nilijitazama: hata chembe moja haikuniangukia.

Wiki hiyo hiyo tulikuwa matangani kwa mama wa katibu wa shule. Nilikaa na akina mama, tunamenya viazi. Kwaya ikafika pale pale, na Prof akainuka, akaenda langoni kama kawaida yake. Mama mmoja, kiongozi wa kikundi cha maombi, akamsindikiza kwa macho.

"Ule Prof yenu iko na nini na Mungu? Kila mara anatoka."

Kisu kilikuwa mkononi, gauni la bluu lilikuwa moyoni. Nikasema: "Anaogopa uzima wa milele."

Sikudanganya. Hilo ndilo baya lake. Nilitoa maneno manne ya kweli, nikaacha ng'ombe, nikaacha nyasi, nikaacha mikono ya baridi. Na kwetu, nani anaogopa uzima wa milele? Yule aliyekwisha kuuuza. Mama aliacha kumenya. Kufikia Jumapili, Prof alikuwa na mapatano na giza. Zile kuta zake zilikuwa alama za siri, na lile taulo la kinyozi, ah, lilieleweka sasa.

Wakaja kumwombea, kwa upendo, na ninasema kweli kwamba ulikuwa upendo. Siku tatu akina mama walisimama kwenye uzio wake wa mawe na ngoma, wakaimba ule mwitikio wenyewe, milele na milele, wakiurudia ili kimtoke kilichomo. Nilipita siku ya pili nikaona mlango umefungwa. Siku ya tatu alifungua. Uso ulikuwa wa majivu, mkono mmoja umeshika mwimo wa mlango. Aliwashukuru. Kisha akawatolea viti, maana walikuwa wamesimama muda mrefu.

Wazazi wakalalamika. Mkuu wa shule, yule yule aliyesema kwenye mazishi, akamwondoa darasa la sita, akampa watoto wa mwaka wa kwanza. Darasa la sita akanipa mimi. Prof mwenyewe aliniletea kompasi kubwa ya mbao ya ubaoni. "Iko inalegea kidogo," alisema, "uikaze hapa." Sikuweza kumtazama, lakini kompasi niliichukua.

Mwaka uliofuata nilimwagiwa poda. Niliitaka sana, na ilipokuja ilinikera machoni. Wanafunzi walinipitisha Mabanga, nami nikaomba tupite njia nyingine, hawakunisikia. Prof alikuwa amesimama kwenye uzio wake. Alipiga makofi mara tatu, polepole, kama alivyokuwa akigonga ukuta. Nikajiambia: hajui.

Alistaafu kwa ugonjwa. Mji ukatikisika tena, shule zikafungwa, zikafunguliwa. Nilikuwa na visingizio vya kutosha vya kutokwenda. Mwishowe nilikwenda alasiri moja, na kabichi mbili za Kibumba na sukari. Nilimkuta ameketi uani karibu na mlango, amekonda, blanketi magotini ingawa kulikuwa na jua.

"Madame," alisema, kabla hata ya salamu kuisha. "Uko na saa moja?"

"Ya nini, Prof?"

"Ile somo. Mi sijaisikia hata siku moja. Nilikuwa nje."

Chaki haikosi mkobani mwangu. Nilifunga mlango wa nyumba na kuandika kwenye mbao zake, kama darasani. Moja kugawanya kwa mbili. Kwa kumi. Kwa elfu. Nikamwonyesha jinsi inavyozidi kuwa ndogo, inaikaribia sifuri na haiifikii.

"Kisha?"

"Kisha inazidi kukaribia."

"Haichokake?"

"Haichokake, Prof."

Alishika mikono ya kiti. Niliuliza kama niache, akatikisa kichwa. Nikachora mshale, nikachora nane iliyolala. Jasho lilimtoka kipajini. Aliitazama muda mrefu, midomo ikitembea.

"Ni mudogo," alisema. "Nilikuwa nazani ni mukubwa."

Niliinua kitambaa kufuta. "Acha," alisema. Kisha, kwa sauti ile ile ya kawaida: "Bale bamama ba maombi. Ni wewe uliwaambia."

Hakuwa anauliza. Nilianza kusema maneno mengi kwa pamoja, kwamba ni zamani, kwamba sikukusudia, kwamba watu wengi walijua.

"Watu gani?"

"Mkuu wa shule. Kinyozi. Daktari wako. Wote."

"Hata bibi yangu wa ndoa alikufa bila kujua," alisema. "Ni wewe tu nilikuambiaka."

Kabichi nilizokuwa nimeziweka chini zilikuwa tena mikononi mwangu, sikumbuki nilizichukua saa ngapi. Nilitafuta pa kuziweka, sikupaona. Miaka yote ile nilipiga foleni nyuma ya watu, na foleni yenyewe haikuwepo. Nilipaswa kuomba msamaha hapo hapo. Lakini mwenye kijicho ni mwenye kijicho, kilichonitoka kilikuwa: "Juu ya nini mimi?"

"Nilikuwa nakuonea wivu," alisema Prof.

Nilidhani ananitania.

"Kila mwaka, Madame. Niko pale inje, nasikia chaki yako inaenda bila kusimama. Unaandika ile kitu, kengele inalia, unaenda kula mandazi. Nikasema, ule mutu, mi nikimwambia, haitamuumiza."

Nilimwomba msamaha basi, nimepiga magoti kwenye changarawe nyeusi, na yeye akanishika kichwa akisema inuka, majirani watadhani na wewe unaniombea. Alicheka hadi akakohoa. Alisema amesamehe siku ya poda yangu. Sikumuuliza kwa nini alisamehe. Aliomba maji, nikamletea, akayanywa yote na kukifunika kikombe.

Alifariki wiki chache baadaye. Siku ya mazishi nane ile ilikuwa bado mlangoni, imefifia, na wale watano waliingia na kutoka wakaipita. Kama ningesimama, ningesema aliniambia mimi peke yangu, na wangeuliza aliniambia nini, na nilikifanyia nini. Kwaya ilipokaribia mwitikio, niliinuka peke yangu nikaenda kusimama langoni, nikamtazama yule mama wa maombi hadi akainamisha macho.

Jumatatu nilikuwa na darasa la sita. Niliandika moja, nikagawanya, nikachora mshale, nikachora nane iliyolala. Msichana wa dawati la mbele aliinua mkono, kwa kutaka kujua tu.

"Madame, na kisha?"

Kengele ililia. Wanafunzi walitoka, naye akatoka nao, swali ameshalisahau. Wenzangu waliniita dirishani, mandazi yanapoa. Mkono wangu ulikuwa bado ubaoni, chaki imeshikwa wima, na ulikuwa baridi. Niliwaambia watangulie.